Aliyebatizwa kwa Maziwa

"Maziwa yana maji ndani yake, Chrispin!"

"Mama, maji ni maji, na maziwa ni..."

"Ng'ombe alikunywa nini? Soda?"

"...ni maziwa! Sheria sikuiandika mimi!"

Ilikuwa saa kumi jioni kwenye makaburi ya kigango, nje kidogo ya Butiama. Eufrasia alikuwa anabishana na katekista Chrispin, na fundi Burito anavuta kamba ya ukuta mpya. Kamba ilipita hatua mbili tu kando ya kaburi la Nyamburi, binti wa Eufrasia, ikaliacha nje.

Nyamburi aliishi siku mbili, mwaka 1972. Alipoanza kukata roho, padri alikuwa Musoma na mvua imekata barabara. Bibi yake aliyajua maneno ya ubatizo, akayasema yote, ila utosini akammwagia maziwa, maana kwao kumbariki mtu kwa maji matupu ni kumdharau. Padri alipofika akasema huo si ubatizo. Kwenye daftari akaandika neno moja, Limbo, na mtoto akazikwa nje ya makaburi, pamoja na wengine wasiobatizwa.

Nyamburi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tofali, anawasikiliza. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, kwa sababu huko aliko hakuna aliyemwambia aache kukua. Tangu msingi uchimbwe alikuja kila siku. Maziwa yalimtiririka kutoka utosini mpaka begani, mabichi kabisa. Burito alimwomba mara moja tu asogee, yasiingie kwenye zege. Hakujibu, alikufa kabla hajajifunza kuongea.

"Kwani hilo limbo ni nini?" Eufrasia akauliza.

"Kilatini, mama. Pindo la nguo. Wataalamu wa zamani walisema mtoto asiyebatizwa hana dhambi aliyotenda, kwa hiyo motoni haendi. Lakini ana ile ya Adamu, kwa hiyo mbinguni haingii. Wakamweka pale pindoni. Hateseki, ila yeye hamwoni Mungu."

"Ndivyo mlivyotufundishaga."

"Siku hizi hatufundishi. Hata zamani haikuwa sheria ya imani, yalikuwa mawazo tu. Sasa tunaambiwa tuwe na matumaini."

"Basi limeisha. Sogeza kamba."

"Limeisha kwenye mafundisho. Kwenye daftari bado limo, na ramani ya ukuta imefuata daftari. Nimewaandikia jimboni Musoma mara mbili. Wamejibu ukuta ukiisha tuwatumie picha."

Eufrasia akaenda nyumbani, akarudi na dumu la maji.

"Haya. Mbatize."

"Aliyekufa habatizwi, mama."

"Si huyo hapo anakutazama?"

"Namwona. Hata shikamoo nimempa."

Ukuta ukapanda. Siku ya tano ulifika kifuani. Eufrasia alisimama ndani, Nyamburi nje, na Burito katikati akipanga tofali. Eufrasia akamwahidi binti yake kwamba ataandika barua ya tatu yeye mwenyewe, ataipeleka kwa mkono, atalala mlangoni kwao mpaka wakubali kaburi liingizwe ndani.

Nyamburi akakohoa, kama mtu anayejaribu sauti kwa mara ya kwanza. Burito akashusha mwiko, ampishe aongee.

"Mama, acha barua. Ukifa usizikwe huko ndani. Njoo huku. Tuko kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayejua kubembeleza mtoto."