Friji la Mvinyo na Mtu Asiye na Pua

Alcide Melanson hakuwa na banda kavu. Hakuwa na dari yenye joto juu ya jiko la kuni kama ile ya nyumba ya kaka yake, ambayo sasa ilikuwa mali ya watu wa Toronto waliokuja kulala humo majuma machache kila kiangazi. Hakuwa na shamba. Alikuwa na kiraka cha udongo nyuma ya nyumba, kinachotosha mibangi minne ambayo sheria ya Kanada inairuhusu kila kaya. Hakuwa na subira, kama mkewe Zélie alivyowaambia watu bila kuulizwa. Hakuwa na mbegu zake mwenyewe. Na hakuwa na pua.

Pua ya kubebea miwani alikuwa nayo, tena kubwa, ya ukoo wao. Aliyoikosa ni ile ya kunusa. Homa ya majira ya baridi, miaka mingi nyuma, ilimlaza chali, na alipoinuka alikuta kahawa haina harufu, bahari haina harufu, na samaki aliyeoza hana tofauti na aliyevuliwa asubuhi. Alizoea. Lakini anayekausha bangi bila pua ni kama fundi cherehani asiyeuona uzi, na kaka yake Léonce hakuchoka kumkumbusha hilo.

Bangi yenyewe ilikuwa ya Léonce. Alianza kuipanda vichakani, nyuma ya kinamasi, siku zile ambazo polisi walikuwa wakiitafuta, na mwaka hadi mwaka akachagua mbegu mpaka akapata mmea unaowahi kukomaa kabla ukungu wa Ghuba ya Sainte-Marie haujauozesha. Pwani nzima iliijua kwa harufu. Léonce akiingia kwenye dansi ya Jumamosi, watu waliokaa mbali walijua amefika kabla hawajageuza shingo.

Kisha nyonga yake iliharibika, akahamia Moncton kwa binti yake, kwenye ghorofa lisilo na udongo. Aliondoka na kopo la tumbaku lenye mbegu zote. Pasaka alipokuja kusalimia, mezani, mbele ya râpure, viazi vya kukunwa vilivyookwa pamoja na kuku, inayofuka mvuke, alihesabu mbegu chache akamwekea mdogo wake kiganjani, na kutangaza sharti lake. Ambaye angeweza kuitoa bangi ikiwa na harufu yake ileile ndiye angerithi kopo. Alcide akishindwa, kopo lingekwenda kwa Bradley, mkwe wa Léonce, ambaye alipanda chini ya taa kwenye chumba cha chini ya nyumba na kuiita miche yake kwa namba.

"Mikono unayo, mdogo wangu," Léonce alisema. "Pua ndiyo huna. Utaniletea majani ya ng'ombe kwenye chupa na kuniambia ni bangi."

"Shemeji, kula viazi vyako vinapoa," Zélie alimjibu.

Alcide alitabasamu kama wengine, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Léonce hakukosea kabisa. Mwaka uliotangulia Alcide alikuwa ametundika mavuno bandani, ukungu ukapenya mbao, na kuvu ikayala maua yote bila yeye kuhisi lolote mpaka Zélie alipofungua mlango na kurudi kinyumenyume. Yote yaliishia kwenye lundo la mbolea. Kopo likienda kwa Bradley, kitu cha pekee ambacho ukoo wao uliipa pwani ile kingegeuka kuwa namba kwenye rafu ya mtu wa mbali.

Ndipo likaja friji la mvinyo. Nyumba ya wageni barabarani ilikuwa inafungwa na kuuza vyombo, na Alcide akarudi na friji lenye mlango wa kioo, refu kama yeye, kwenye gari la kuazima. Zélie aliuliza kama sasa wamekuwa watu wa mvinyo. Alcide alikuwa tayari ameshika bisibisi. Umeme aliusoma shule ya usiku, kwenye ukumbi wa parokia, mvi zikiwa zimekwisha kumtoka, akifika na harufu ya kiwanda cha samaki ambayo yeye mwenyewe hakuisikia lakini wenzake waliisikia vizuri. Cheti chake kiling'inia ukumbini, pembeni ya picha ya harusi, na kioo chake kilifutwa mara nyingi kuliko cha picha.

Aliziondoa rafu za mbao, akavuta nyaya za kutundikia kutoka ubavu hadi ubavu. Alitoboa tundu nyuma, akapachika feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu. Akaongeza kifaa cha kufyonza unyevu, na kipimo ambacho waya wake ulitoka nje ili asome bila kufungua mlango. Kioo alikifunika kwa karatasi nyeusi. Chini kabisa aliweka beseni jeupe la kupokea matone. Baridi kiasi, giza, hewa itembee taratibu kama mtu anayetoka kanisani: hicho ndicho alichokitaka. Friji lilisimama stoo, nyuma ya jiko, karibu na rafu za Zélie za jamu na jibini.

Mwisho wa Septemba akakata na kutundika matawi. Siku za kwanza unyevu ulishuka polepole kama ilivyopasa, na Alcide alipita stoo kila alipopata kisingizio, akitazama kipimo na kupiga mluzi. Baada ya baridi ya kwanza jua lilirudi ghafla, kali kama la Julai, kama linavyofanya kila mwaka. Zélie alikwenda Yarmouth kwa dada yake aliyepata mjukuu. Alcide alibaki kupasua kuni, na jioni alipoingia kusoma kipimo, unyevu ulikuwa umepanda. Asubuhi ulikuwa umepanda zaidi.

Kwanza alikishuku kipimo. Aliloanisha chumvi kidogo kwenye kizibo, akaifunga pamoja na kipimo ndani ya mfuko, kwa sababu unyevu wa hewa juu ya chumvi iliyoloa haubadiliki, na hukiumbua kipimo kinachodanganya. Kipimo kilisema kweli. Akakishuku kile kifaa cha kufyonza unyevu, akakifungua vipande vipande mezani, akakuta kizima. Akaishuku feni. Akaushuku mpira wa mlango, akaupaka sabuni na kutafuta mapovu. Alilala vibaya, akiota Bradley akibandika namba kwenye kopo la tumbaku. Kila alipofungua friji alitazama juu, kwenye matawi. Chini aliona beseni lake limefunikwa kitambaa, akajua ni Zélie tu, mwanamke anayefunika kila kitu kwa kitambaa, hata simu.

Siku ya pili jirani yao Onésime Comeau alikuja kurudisha msumeno. Alifika mlangoni mwa jiko akasimama, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

"Alcide, nani amekufa humu?"

"Hakuna aliyekufa. Ingia, unaniingizia nzi."

"Nzi wana akili, hawaingii." Onésime aliziba pua kwa kofia. "Bwana, ulisema unakausha bangi. Mbona unakausha soksi?"

Akaifuata harufu ile kama mbwa, akapita meza, akaingia stoo, akafungua friji pasipo kuomba ruhusa, akainama, akainua kitambaa. Ndani ya beseni lilikaa jibini la maziwa ya mbuzi, duara zima, limeota manyoya meupe, likitoa jasho. Alcide alivuta kigoda akakaa. Mtoto mdogo angelijua kwa sekunde moja kile ambacho yeye, mwenye cheti ukutani, alikitafuta kwa bisibisi siku mbili. Onésime alimtazama, na kicheko chake kikaishia njiani. Alilibeba jibini nje yeye mwenyewe, akaliweka kwenye kivuli cha banda.

Zélie aliporudi jioni alielezwa yote kabla hajavua koti. Alisema stoo ilikuwa na joto, jibini lilikuwa linalegea, na friji lilikuwa palepale, lenye baridi na nafasi chini. Aliondoka kwa haraka, hakukumbuka kusema.

"Nikajua utaliona," alisema.

"Nililiona. Niliona beseni."

"Basi hata ile harufu..." Aliweka mkono mdomoni. Alcide alijaribu kukunja uso, akashindwa, na Zélie alipoona ameshindwa akaangua kicheko mpaka akashika ukingo wa meza. Walicheka wote wawili, lakini Alcide aliacha mapema, kwa sababu matawi yalikuwa bado ndani na hakujua kama yamepona.

Zélie alifuta macho, akakunja mikono ya koti, akaingiza kichwa ndani ya friji. Alinusa tawi baada ya tawi, bila haraka, kama anayesoma majina makaburini. Ya chini, yaliyokuwa karibu na jibini, aliyatoa. Ya juu aliyaacha, akasema hayana kuvu, yana umajimaji tu. Yale ya chini Onésime aliyapokea kwa furaha, akisema atayatumia siku akikosa kitu cha kula na mkate.

Tangu hapo kazi iligawanyika. Alcide alikuwa na sikio. Kila siku alikunja kijiti kidogo karibu na sikio lake, na kilipoacha kupinda kimyakimya, kikakatika kwa mlio mkavu, alijua wakati umefika. Waliyachambua maua mezani, wakayatia kwenye chupa za kioo, mfuniko ukakazwa, na chupa zikarudi gizani ndani ya friji, zikomae. Na kila asubuhi baada ya kahawa chupa zilifunguliwa kidogo zipumue, naye Zélie akafumba macho na kunusa.

"Majani ya ng'ombe," alisema siku ya kwanza, na Alcide akakaza mfuniko tena.

Siku zikapita. "Majani bado, ila ng'ombe amehama." Kisha chai. Kisha ganda la chungwa, likaenda, likarudi pamoja na utomvu wa msonobari.

Alcide alianza kuzisubiri asubuhi hizo. Kwa miaka mingi watu waliacha kumwambia vitu vinanukaje, kwa kumhurumia, naye aliacha kuuliza, kwa kiburi. Sasa Zélie, akishamaliza chupa, hakukomea hapo. Alimwambia kahawa imeungua. Alimwambia upepo umegeuka, unaleta mwani. Alimwambia koti lake linanuka petroli na tufaha, na kwamba limekuwa hivyo tangu walipooana. Novemba ikaingia, mvua ikapiga madirisha, na nyumba ile ikawa na habari nyingi kuliko gazeti.

Asubuhi moja Zélie alinusa, akanusa tena. "Ndiyo hii," alisema. "Hii ni ya Léonce."

Alcide alimwamini, kisha akaacha kumwamini. Kosa la jibini lilikuwa bado linamuuma mkewe. Huenda pua yake ilikuwa inamwonea huruma. Alikaa akamwandikia kaka yake kwa mwandiko wake wa shule ya usiku, ulionyooka:

"Kaka, hii ni bangi yako. Sikio ni langu, pua ni ya Zélie. Jibini nalo lilikuwa la Zélie, Onésime atakusimulia. Ukiona inafaa, kopo liandike majina yetu sote wawili. Ukiona haifai, mpe Bradley, nami sitanuna sana."

Alifunga maua machache kwenye kifuko, akaiviringisha barua, akatia vyote kwenye bahasha nene, akaenda nayo posta. Dirishani alikuwapo Eulalie, ambaye Alcide alimkumbuka akiwa msichana mwenye viatu vyekundu kwenye dansi za Jumamosi. Aliipokea bahasha, akaiweka kwenye mizani, mkono wake ukabaki hapo. Hakuitazama bahasha. Aliutazama mlango, nyuma ya bega la Alcide.

"Léonce yuko garini?" aliuliza. "Mwambie aingie, asinione mgeni."

"Yuko Moncton."

Eulalie aligeuka, akaitazama bahasha, na uso wake wote hadi masikioni ukawa mwekundu. Kisha akajitia ukali wa kazi. "Hii haiendi hivi, bwana Alcide. Sheria inasema mzigo wa aina hii usinuke. Umeufunga kwa macho."

Alcide aliomba kalamu. Aliifungua bahasha palepale, na chini ya jina lake kwenye barua akaongeza: "Eulalie wa posta amekuulizia, kabla sijamwambia kilichomo."

Eulalie akampa mfuko mzito wa plastiki. Alcide aliusukuma upepo wote nje kwa kiganja, akapiga gundi, akatia kwenye bahasha mpya, akaifunga, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo mara mbili. Eulalie aliisogeza puani.

"Sasa hainuki kitu."

"Kwangu ilikuwa hivyo tangu mwanzo," Alcide alisema.

Eulalie akagonga muhuri, akaidondosha kwenye gunia la Moncton.