Saa Moja ya Beirut

Huku Kwedizinga giza likiingia ni saa moja, mwaka nenda mwaka rudi. Nani angeniambia kuna nchi watu huishika saa wakaisogeza kama kiti?

Mwanangu Husna anafanya kazi za ndani Beirut. Kila Jumapili, saa moja jioni ya huko, hupewa simu anisalimie. Mwanzoni saa moja yake ilikuwa saa moja yangu. Ikaja Oktoba, saa moja ikapita kimya. Wallahi nilichanganyikiwa! Nikampigia Loveness, binti wa huku kwetu Kilole aliyeolewa Beirut, naye akaenda kugonga geti la mabosi wa Husna. Kumbe Husna mzima, anasubiri muda wake wa simu. Walimtukana mwanangu, wakamnyima simu wiki tatu.

"Mama, wakati wa baridi huku saa zinarudishwa nyuma," Loveness akanieleza. "Saa moja yetu ni saa mbili yenu. Ujifunze kungoja."

Nikajifunza. Jamani, nilijifunza vizuri mno.

Jumapili ya tatu ya Machi Husna aliongea kwa kunong'ona. "Mama, baba mwenye nyumba ameanza kugonga mlango wangu usiku. Wiki ijayo mkewe anasafiri. Nisipopiga saa moja, ujue amenifungia akatoka. Loveness aje na polisi upesi, mzee hurudi saa mbili."

Nikamweleza Loveness kila kitu, tukapatana: Husna asipopiga, nami nampigia Loveness hapohapo. Nikikaa kimya, basi mtoto yuko salama.

Jumapili ikafika. Magharibi niliswali sijui hata niliswali nini. Saa moja yetu ikapita, nikajiambia, tulia Fatu, bado. Ugali ukanishinda. Kila mbwa akibweka nashtuka, simu nimeishika mkononi.

Saa mbili ikafika. Kimya.

"Subira yavuta heri, mama Husna," mume wangu Sadala akasema. "Oktoba ulikurupuka, ukamponza mtoto."

"Niache, Sadala! Leo subira yako kaa nayo mwenyewe!"

Nikapiga. Loveness akapokea akicheka. "Shikamoo mama! Nilijua utapiga tushukuru Mungu."

"Tushukuru nini? Husna hajapiga!"

"Hajapiga? Saa ngapi?"

"Saa moja yenu! Si ndiyo sasa hivi?"

Kicheko kikamkatika.

"Mama," akasema polepole, "usiku wa kuamkia leo saa zimesogezwa mbele. Baridi imekwisha. Saa zetu na zenu sasa ni sawasawa. Huku ni saa mbili."

"Mbona hukuniambia kwamba huwa wanazisogeza tena mbele?"

"Nilidhani unajua, mama. Saa moja nilikaa na simu mapajani. Haikulia, nikajua mtoto yuko salama. Nikavua viatu."

Sadala alikuwa ananivuta kanga, anasema nini, anasema nini huyo? Nilisikia Loveness anamwita mumewe, mlango unabamizwa, miguu inashuka ngazi mbio. Nami nikabaki napiga kelele kwenye simu, sijui nampigia nani.

"Mzee ameshafika nyumbani, Loveness! Ameshafika!"