Teke la Sifaeli

Ukoo wao una desturi: ng'ombe akichinjwa, ini hutolewa kwanza, wazee wakaligeuza pande zote kulikagua, ndipo nyama igawanywe. Mchinjaji ni Sifaeli. Kwa hiyo mdogo wake Dismasi aliporudi kutoka hospitali mjini, amekatwa kipande cha ini chenye saratani, Sifaeli alimfunua shati uani, mbele ya wanaume wote. Akaona vitundu vichache na mkato mfupi chini ya kitovu.

"Ini limepita wapi?"

"Hapo chini, shemeji," akajibu Eunike, mke wa Dismasi. "Walilitia kwenye mfuko, wakalivuta."

"Umeliona kwa macho yako?"

"Lilipelekwa maabara."

Jirani yao Gadiel, ambaye zamani alipasuliwa tumbo zima, akacheka. "Wamekuchomachoma kama kiazi, kuona kama umeiva!"

Daktari Jackline, aliyemfanyia upasuaji, alikuwa amewaeleza vizuri kabla. Uvimbe ni mdogo, uko pembeni ya ini. Akipasuliwa kwa matundu madogo, Dismasi atapoteza damu kidogo na atapona upesi. Ungekuwa mkubwa, au ungekaa juu ya mshipa mkuu, angempasua wazi bila kusita. Saratani haijali urefu wa kovu. Inajali kama imetolewa yote. Sifaeli alitaka ndugu yake apasuliwe wazi. Dismasi akachagua matundu. Tumbo ni lake.

Sisemi woga wa Sifaeli haukuwa na mizizi. Babu yao alifukuzwa na wakoloni kwenye ardhi yake Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba ikateketezwa, na waliomfukuza walikuwa na karatasi zenye mihuri. Tangu hapo msomi akiwaambia "niaminini", mikono inawawasha. Sawa! Lakini hasira ya kuwapandia wakubwa, wanaume hawa humshushia nani? Mwanamke aliyeshika beseni la uji.

"Umeshirikiana nao kumuua ndugu yangu!" Sifaeli akamzaba Eunike kofi, uji ukamwagika, akamwongezea ngumi ya mdomo. Eunike akatema jino.

Dismasi akainuka kwa shida, akasimama kati yao. "Kaka, mwache mke wangu."

Sifaeli akamsukuma, naye hakusogea. Ndipo akarusha teke. Buti la shamba likatua tumboni.

 Dismasi alikaa chini taratibu, midomo imekuwa myeupe, jasho likimtoka. Nje hapakuonekana hata tone la damu.

"Anajifanya huyo," Gadiel akasema, akiziba njia ya geti.

Eunike akachomoa panga kwenye shina la mgomba. "Toka hapo, Gadiel, au nikupasue mara ya pili!"

Gadiel akatoka. Jirani mwenye gari aina ya Noah akateremka nao mbio hadi hospitali mjini.

Safari hii Jackline hakuwa na la kuchagua. Tumbo lilijaa damu, pale ini lilipokatwa pamechanika. Akampasua wazi chini ya mbavu, upande hadi upande, akachota damu, akabana, akashona. Dismasi akapona kwa tundu la sindano.

Alipohamishiwa wodini, wazee wa ukoo walikuja na maneno matamu. Kondoo wa suluhu yuko tayari, pombe itapikwa.

"Mama Angel," wakamwambia Eunike, "polisi wakija, sema aliteleza kwenye tope. Ya nyumbani yaishie nyumbani."

"Na jino langu nalo liliteleza?"

Wakamgeukia mgonjwa. "Dismasi, ni kaka yako huyu. Alikuwa anakutetea."

Dismasi akaukumbatia mto tumboni ili aweze kukohoa. Machozi ya maumivu yalimtoka. Eunike hakumsemea, alingoja, uso umevimba, maana bila neno la mumewe kesi ingezimwa na Sifaeli angerudi uani.

Askari aliingia, akasalimia, akauliza kilichotokea.

"Kaka yangu Sifaeli alimpiga mke wangu," Dismasi akasema. "Kisha akanipiga mimi teke. Andika yote mawili, na anza na la mke wangu."