Bluu Mbili za Nélida

Osvaldo Giunta alikuja kuomba mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa Nélida Bertorello, pale mtaa wa Arroyito, mjini Rosario, amekumbatia pakiti ya majani ya chai ya yerba kama mtu aliyeleta posa.

"Neli, dada yangu, kompyuta yangu ya Amiga imekufa. Jumamosi ndiyo maonyesho ya chama chetu cha kompyuta, na mwaka huu wananituza mimi. Niazime ile ya marehemu."

Marehemu alikuwa Rubén, kaka yake Nélida. Maisha yake yote alikuwa akiichorea kompyuta ile picha za kutandazwa kwenye skrini: mto Paraná, madaraja, mitumbwi ya wavuvi. Matanga hayajaisha, Osvaldo alikuja akalia kuliko wafiwa, akaondoka na disketi zote "ili zisiharibike". Baadaye picha zikaonekana kila mahali, na pembeni zimeandikwa Giunta. Nélida alipomfuata, Osvaldo alimcheka: "Wewe ni mshonaji, Neli. Haya mambo utayaelewa wapi?"

Sasa Nélida alimkaribisha ndani, akamwekea kiti.

"Chukua tu. Tena nitakuandalia na picha ya skrini. Wewe mwenyewe, umesimama mbele ya mto."

"Utaweza?"

"Nilikaa ubavuni mwa Rubén miaka mingi. Wataka ukae kulia au kushoto?"

"Kulia," alisema Osvaldo, akijipapasa nywele. "Na unipunguze kitambi."

Wiki ile cherehani ilinyamaza. Nélida aliichukua picha ya Osvaldo, akaiingiza kwenye mashine, akaipunguza rangi hadi zikabaki kumi na sita, maana skrini ile haikuwa na zaidi. Uso ukatoka mabaka kama ukuta uliopigwa na mvua. Akaukarabati nukta kwa nukta, nyeusi kando ya kahawia, kahawia kando ya waridi, mpaka jicho likadanganyika likaona ngozi. Rangi nne za mwanzo hakuzigusa. Hizo ni za madirisha na maandishi ya mashine yenyewe, ukizivuruga hakisomeki kitu. Kitambi alikipunguza. Alitaka mtu yule apendeze.

Kisha akaja kwenye mto. Rangi ya tano akaifanya bluu, akaujaza maji yote. Rangi ya sita akaipa bluu ileile, isiyozidi wala kupungua, na kwa rangi hiyo akaandika juu ya maji kwa herufi kubwa. Kwenye kioo hakikuonekana kitu ila mto umetulia. Alicheka peke yake, kicheko kikavu, akahifadhi picha kwenye disketi.

Alimjua Osvaldo. Hapakuwa na maonyesho aliyokosa kucheza mchezo wake mmoja: kuichukua bluu ya mto na kuigeuza polepole iwe rangi ya machweo, watu wapige makofi. Mchezo wenyewe aliuiba kwa Rubén.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nélida alikaa safu ya mbele, amevaa gauni lake jeusi la msiba. Picha ilipotokea, watu walishangilia. "Osvaldo, leo umekuwa kijana!" mmoja akapiga kelele. Mkewe, Mirta, akamrushia busu.

"Sasa tazameni mabwana," alisema Osvaldo, mkono juu ya mausi. "Sanaa yangu. Jua linazama Paraná."

Akafungua dirisha la rangi, akaishika ya tano. Maji yakaanza kuwa zambarau, kisha mekundu, kisha ya chungwa. Na katikati ya maji, bluu iliyogoma kugeuka ikasimama herufi kwa herufi: PICHA ZOTE NI ZA RUBÉN BERTORELLO. HUYU NI MWIZI.

Kisha mtu wa nyuma akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Osvaldo aliivuta rangi huku na huko kama kichaa, lakini bluu ya mwanzo hakuipata tena, na kila alipoivuta, maandishi yalizidi kung'aa.

"Ungeniambia tu, Neli!" alifoka, jasho likimtoka.

"Nilikuambia ukanicheka. Leo nimekuambia mbele ya watu. Haya, cheka."

Mirta alinyanyuka, akatoka bila kumtazama mumewe. Tuzo ilibaki mezani, hakuna aliyeigusa. Nélida alichomoa nyaya taratibu, akaibeba mashine ya kaka yake kifuani, na watu wakampisha.

Siku chache baadaye Mirta alimletea zile disketi kwenye mfuko wa plastiki. Nyingi zilisomeka. Ile ya mama wa Nélida na Rubén akianua nguo uani, picha ambayo Nélida aliitamani kuliko zote, ilikwaruza tu ndani ya mashine na haikufunguka. Aliijaribu tena na tena.

"Amekonda," Mirta alisema, akiwa bado kasimama. "Hatoki nje. Huoni imetosha, shoga?"

Nélida aliitoa disketi, akaipangusa kwa pindo la gauni.

"Bado," alisema. Akairudisha ndani.