Doa Katikati ya Skrini

Mama Tabasamu, kama wateja wake wa picha walivyomwita, aliitua kamera mezani kwa shemeji yake, fundi wa vyombo vya umeme, akaanza kulalamika hata kabla hajaketi.

"Shemeji, hiki kitundu cha kuchungulia kimeharibika. Kila nikitazama, doa hilo, katikati kabisa."

Fundi akachungulia. Hakuona kitu. Akafuta kioo, akachungulia tena; safi. Lakini mke wa kaka yake hakuwa mtu wa kubishana naye.

"Basi achana na kitundu. Nikufungie skrini ya bawaba, uielekeze juu au chini utakavyo."

Alichomelea nyaya, akafunga bawaba mgongoni mwa kamera. Mama Tabasamu alipoijaribu alicheka kama mtoto. Hakulazimika tena kulala kifudifudi ili apige picha watoto wanaotambaa. Harusini aliinua kamera juu ya vichwa vya watu, skrini akaiinamisha, bibi harusi akampata bila kusukumana na mtu. Doa likasahaulika.

Miezi kadhaa baadaye alirudi amefura.

"Umenifungia kimeo, shemeji! Doa limehamia kwenye skrini. Nimepiga picha darasa zima, mwalimu mkuu ananiuliza mbona wa katikati wote wamefumba macho!"

Fundi akaiwasha skrini, akaigeuzageuza. Haikuwa na hata mkwaruzo. Akaiweka kando taratibu.

"Hebu nitazame mimi. Pua yangu unaiona?"

"Pua yako hiyo, nani asiyeiona?" Akacheka. Kisha kicheko kikamkatika. "Naona masikio," akasema. "Masikio tu."

Fundi akamwambia azibe jicho moja, halafu la pili. Doa lilikuwa kote kuwili. La jicho la kulia, lile alilolitumia kuchungulia miaka yote, lilikuwa kubwa zaidi. Skrini aliitazama kwa macho yote mawili, na jicho la kushoto likawa limemfichia upungufu wa la kulia mpaka nalo likaanza kushindwa.

"Kaka yako usimwambie."

"Hilo usiniombe, shemeji."

Akafunga duka, akamshika mkono. Mama Tabasamu akamponyoka: "Sijapofuka mimi!" Walipofika ukingoni mwa barabara, magari yakipita, akautafuta ule mkono mwenyewe.

Daktari hakuwazungusha. Jicho la kulia lilikuwa limechelewa. La kushoto wangelichoma sindano, pengine lisizidi kuharibika, ahadi hakutoa. Mumewe alipofika mbio kutoka kazini, Mama Tabasamu alimweleza mwenyewe, akianzia katikati, akirudi nyuma, mpaka akashindwa kumaliza. Fundi alitoka akaketi kwenye benchi la nje. Alijilaumu kwa kutosema siku ile ya kwanza kwamba kitundu kilikuwa safi, na hakupata wa kumwambia.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi, na Mama Tabasamu alikataa katakata kuiacha. Mumewe alisimama begani kwake toka mwanzo hadi mwisho, akimnong'oneza nani kafumba macho na nani hajageuka.

"Na bibi harusi?" akamuuliza. "Anatabasamu?"

"Analia," mumewe akajibu. "Piga tu."