Kurasa Zilizorukwa

Adelgunda hakuwa mtu wa kukaa kitako. Tangu alipoletwa utawani akiwa na miaka kumi na miwili, alikaa kila kiti kama aliyekalia kaa la moto. Lakini mwandiko wake haukuwa na mfano kando ya mto Danubi, kwa hiyo Mama Mkuu alimpa kazi ya kunakili kitabu cha Kilatini cha fadhila na vilema vya roho, kilichoazimwa kwa watawa wanaume wa ng'ambo ya mto.

Alinakili kwa mtindo wake. Mistari kumi, huyo dirishani. Mistari mitano, anachonga unyoya wa kuandikia ambao tayari ulikuwa mkali. Korongo wakipita angani, roho yake nayo imepita nao. Hata hivyo kazi ikaisha. Sista Richenza, bibi aliyemfundisha kushika kalamu na ndiye msahihishaji, alikaa nayo siku nane, akatamka, "Haina doa." Nakala ikashonwa, ikavalishwa jalada la mbao. Kitabu cha kuazima kikarudishwa kwa wenyewe.

Wiki moja baadaye Adelgunda aliifungua nakala ile, kuutazama tu mwandiko wake, maana alijipenda kidogo. Akasoma: "Mwenye hasira ni kama nyumba iliyoshika moto, majirani wote na wakimbilie kwake wajifunze, maana yeye ndiye nguzo ya utawa."

Alikuwa amepindua kurasa mbili kwa mpigo! Mwisho wa sura ya hasira na mwanzo wa sura ya subira havikuwamo.

Alimkimbilia Richenza. "Mama, kitabu kina shimo."

"La panya?"

"Langu mimi. Nimeruka kurasa mbili. Wewe ulisomaje usione?"

Bibi alipapasa ukingo wa benchi, akaketi taratibu. "Mwanangu, tangu Pasaka naona ukungu mtupu. Nilikuwa nazipindua tu kurasa, nikikuamini wewe."

"Siku nane?"

"Zote nane. Ukisema, nitaondolewa kwenye vitabu, nikamenye njegere jikoni na vikongwe. Nakuomba, nyamaza. Nani atajua? Masista hawa wakisomewa mezani wanasikiliza supu."

Adelgunda akanyamaza, lakini kunyamaza hakukumtuliza. Kitabu kilianza kusomwa kila adhuhuri wakati wa chakula: kwanza kiburi, kisha wivu. Hasira ilikuwa inakuja. Mara tatu alifika mlangoni kwa Mama Mkuu, na mara ya tatu mlango ukafunguliwa.

"Unataka nini, Adelgunda?"

"Wino, Mama Mkuu."

"Si jana tu nimekupa pembe nzima ya wino?"

Akarudi alikotoka, akaizunguka bustani mpaka kengele ikalia.

Siku ya hasira ikafika. Msomaji akasoma bila kusita, nyumba ikashika moto, majirani wakakimbilia, na ghafla mwenye hasira akawa nguzo ya utawa. Sista Wentila, mpishi ambaye juzi tu alimrushia mtu upawa, akasahau kwamba mezani hakuna kusema. "Haya, mmesikia wenyewe! Na mnifuate basi!"

Kicheko kikapasuka. Mama Mkuu akagonga meza. Adelgunda akajikuta amesimama.

"Kosa ni langu. Nimeruka kurasa. Nilikuwa natazama korongo."

"Na msahihishaji?"

"Nilimharakisha, hakupata nafasi."

"Mwongo huyo," ikasikika sauti ya Richenza kutoka mwisho wa meza. Alisimama akijishikiza kwa jirani yake. "Nilipewa siku nane. Sioni, Mama Mkuu. Nimeona haya kusema."

Barua ya kukiomba kitabu tena ilipelekwa ng'ambo ya mto. Jibu likaja kwamba kitabu kimeshaazimwa nyumba nyingine huko milimani, na hakitarudi kabla ya miaka miwili. Mama Mkuu akaamuru nyuzi zikatwe, kurasa tupu za ngozi zishonwe mahali pale, zingojee maneno yaliyorukwa. Adelgunda akala mkate na maji sakafuni siku arobaini. Richenza akapelekwa kwenye njegere.

Kwa mwezi mzima bibi hakumjibu hata salamu. Siku moja Adelgunda alipopita jikoni, akasikia, "Wewe. Una kitabu hapo?"

"Ninacho, Mama. Ninachonakili sasa."

"Soma. Masikio yangu hayajapofuka."

Akasoma, huku akizunguka kati ya vyungu. Kila neno lilipokwenda kombo, Richenza aligonga bakuli. "Rudia. Na ukae chini, unanitia kizunguzungu."

"Siwezi, Mama."

"Basi tembea, lakini hiyo sentensi rudia."

Wentila alilalamika kwamba jiko lake limegeuzwa shule. Mama Mkuu alikuja kuamua, akasimama mlangoni muda mrefu akisikiliza bakuli likigongwa. Alipoondoka hakumkaripia mtu, ila alitoa amri moja: tangu siku hiyo kitabu chochote kisishonwe kabla hakijasomwa mbele ya Richenza.

"Sasa njegere atamenya nani?" Wentila akauliza.

"Atamenya huku akisikiliza," akajibu Mama Mkuu.