Mwenye Swichi ni Mmoja

Krrr-fyu-fyu-krrr. Hata kabla sijafumbua macho nilijua ni nini. Sauti ile ni kama ya mtu anayenyonya soda kwa mrija na soda imeshakwisha, ila yeye hataki kukubali. Pampu ilikuwa inanyonya hewa. Maji ya tangi langu yalikuwa yameshuka, na maji hayashuki vidole viwili kwa usiku mmoja bila mkono wa mtu.

Nilitoka chumbani shuka likiwa begani. Sebuleni, feni ilikuwa imeelekezwa moja kwa moja juu ya tangi, inavuma kama imetumwa kuyakausha maji. Chini yake, kwenye kochi, alilala shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa majokofu, ndani ya fulana yake nyeupe, mdomo wazi.

"Shemeji!"

"Eeh?"

"Nani amegeuza feni?"

"Joto, bwana. Niliigeuza inipige mimi, ikajigeuza yenyewe."

"Feni haina miguu, shemeji."

"Lakini ina shingo. Kaiulize."

Nilimeza hasira, maana Jumamosi ile sikuwa na nafasi ya kugombana. Nilikuwa na mpaka saa sita mchana.

Tangi lenyewe si kubwa. Ni lita sitini tu, juu ya kabati la vyombo. Ndani mna mawe, mchanga mweupe, samaki wawili wa rangi ya chungwa, kamba mmoja mwenye masharubu meupe, na matumbawe saba. Watu hudhani matumbawe ni mawe. Shemeji naye alidhani hivyo mwaka mzima, hadi siku alipoona moja likimeza kipande cha samaki. "Kumbe jiwe lina mdomo!" alisema, na wiki nzima hakupita pale akiwa peku.

Tumbawe la saba ndilo ninaloliita Bi Harusi. Nilimpata akiwa kipande cha ukubwa wa ukucha, kimevunjika, mwenyewe ameshakata tamaa nacho. Miaka miwili nimemlea, sasa ni ngumi ya mtoto. Akijisikia, hufungua vidole laini vya kijani vyenye ncha za zambarau, mamia yake, vikapepea kwenye mkondo wa maji. Asipojisikia, hata ungemwimbia, hafunui kitu.

Chama chetu cha wafugaji wa matumbawe hutoa kalenda kila mwaka, picha kumi na mbili. Mwaka jana nilipeleka tatu, zote zikarudi. Katibu aliniandikia: "Bluu tupu, kijana. Umepigia ndani ya chupa ya wino?" Mimi! Mimi ninayepiga picha kila siku ya Mungu kwenye studio ya picha za pasipoti! Niliapa mwaka huu watanitambua.

Tena mwaka huu haikuwa kiapo tu. Mama mzazi wa shemeji alikuwa anakuja kuishi nasi Jumatano. Atapewa chumba changu, nami nitahamia sebuleni, na mahali pekee pa kuweka kitanda ni pale penye tangi. Dada, ambaye ni muuguzi na huongea kama anayeandika dawa, alinipa hukumu yake mapema.

"Miaka miwili unaniambia hiyo ni sanaa," alisema. "Mimi naona ndoo tu na mipira ya maji. Picha yako ikiingia kwenye kalenda, utalala kwenye kochi na tangi litabaki. Isipoingia, katibu wenu aje alichukue, na mdomo wako ufungwe."

Mwisho wa kupokea picha ulikuwa siku hiyo, saa sita mchana.

Basi nikaanza kazi. Niliongeza maji, tena ya kuchujwa, yasiyo na chumvi, kwa sababu maji hupaa lakini chumvi hubaki. Shemeji alinitazama akipiga mswaki.

"Bahari gani hii unaiongezea maji ya kunywa?"

"Chumvi haipai na mvuke, shemeji. Nishakueleza mara mia."

"Na mara mia sijaelewa. Huoni mwalimu ndiye mwenye kasoro?"

Nikafuta kioo. Nikabandika mbele ya lenzi kipande cha karatasi ya njano ya peremende, ndiyo dawa niliyoigundua ya kuua ile bluu ya taa ya tangi. Nikafunika kamera na kichwa changu kwa shuka jeusi ili kioo kisinirudishie sura yangu. Kisha nikasubiri.

Saa tatu na nusu Bi Harusi alianza kufungua. Taratibu, kidole kimoja, viwili, kama mtu anayechungulia mlango aone kama wageni wameondoka. Nilishusha pumzi, nikabonyeza. Nikaangalia kioo cha kamera.

Katikati ya picha, juu ya Bi Harusi, palining'inia kitu cheupe, kipana, kimetuna. Fulana ya shemeji.

"Shemeji, toka nyuma yangu!"

"Nimesimama kwangu."

"Unaonekana kwenye kioo!"

"Basi kalenda imepata bahati."

Akasogea. Nikapiga nyingine. Safari hii alikuwa pembeni, na kitambi chake kimechomoza kati ya mawe mawili kama tumbawe la nane. Nikapiga ya tatu, mkono wake na kikombe cha chai. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutaja fulana, lakini nadhani waliijua.

"Nenda jikoni, nakuomba. Kwa heshima ya dada."

"Naenda. Lakini siku utakaponihitaji, nitakuwa jikoni."

Alipoondoka, tatizo likabaki mkondo. Vidole vya Bi Harusi havikutulia; kila picha ilitoka na ukungu. Mteja wa pasipoti unamwambia kaa wima, usicheke, naye hukaa. Tumbawe utaliambia nini? Dawa ni moja na kila mfugaji anaijua: zima pampu dakika mbili, maji yatulie, piga, washa.

Nilinyoosha mkono kwenye swichi, iliyo ukutani chini ya shairi langu.

Hilo shairi lina kisa chake. Miezi miwili kabla, shemeji alichomoa waya wa pampu ili achomeke mashine yake ya kutobolea, akasahau. Tulizika samaki mmoja na konokono watatu. Sikumsamehe haraka. Nilikaa nikahesabu mizani, nikaandika kwa wino mwekundu, nikabandika:

*Swichi hii usiguse, kidole kitakauka,*
*Hata taa zitukose, hata paa kuanguka,*
*Akili usiitese, mwenyewe nitaishika,*
*Mwenye swichi ni mmoja, naye yupo, atafika.*

Shemeji alilisoma kwa sauti, mara mbili, mbele ya dada. Kisha akainua mkono wa kulia. "Wallahi swichi hii siigusi tena mpaka naingia kaburini. Umesikia, shairi?" Tangu siku hiyo hufagia akiizunguka kama shimo.

Nikazima. Maji yakatulia. Vidole vyote vya Bi Harusi vikasimama, wima, kila ncha ya zambarau inang'aa peke yake. Nikabonyeza mara moja tu. Nikatazama. Haikuwa na bluu, haikuwa na ukungu, haikuwa na fulana.

Na simu ikalia. Alikuwa bosi wangu wa studio, ambaye wote tunamwita Kidevu Juu kwa sababu ndilo neno analowaambia wateja kutwa.

"Uko wapi? Kuna familia ya watu tisa hapa, wanasafiri kesho, na mtoto mmoja amegoma kufunga mdomo!"

"Nakuja, bosi. Nakuja."

Nilichukua kamera nikakimbia. Kompyuta ya studio ndiyo ingenisaidia kutuma picha. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu. Sikukumbuka kitu kingine chochote. Ningesema nilisahau kwa sababu ya haraka, lakini kweli ni kwamba nilisahau kwa sababu ya furaha.

Studio ina sheria: mbele ya wateja, simu za wafanyakazi hukaa kwenye droo. Niliwapiga picha wale tisa, nikamfanya mtoto afunge mdomo kwa kumwambia nzi anaingia, na saa sita kasoro dakika kumi nikatuma picha ya Bi Harusi. Wateja wengine wakaingia. Saa nane ndipo nilipofungua droo.

Ujumbe mmoja kutoka kwa katibu. Simu kumi na saba zisizopokelewa, zote za shemeji.

Nilifungua ujumbe. "Imekubaliwa. Mwezi wa kwanza kabisa. Hongera, chupa ya wino imepasuka."

Zile kumi na saba nilizitazama nikacheka. Nilijua anatafuta rimoti. Huwa hivyo, akipoteza rimoti hunipigia kama nyumba inaungua. Sikumpigia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, natafuta vina vya shairi la ushindi, lile ambalo lingebandikwa juu ya kabati ili dada alisome kila asubuhi.

Nikafungua mlango, nikasikia kimya. Pampu haisikiki mpaka isiposikika.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya tangi, jasho linamtoka, fulana imeganda mgongoni. Mkononi alishika kikombe chake cha chai. Alichota maji ya tangi, akainua kikombe juu usawa wa macho, akayamimina yadondoke kwa kishindo na mapovu. Akachota tena. Sakafu ilikuwa imelowa. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanatweta. Bi Harusi alikuwa amejikunyata, hana kidole hata kimoja, amefunikwa na utelezi mweupe kama kamasi.

"Nani amezima?" nilifoka. "Nani amezima pampu, shemeji?"

Hakuacha kumimina. "Nilikuwa jikoni, kama ulivyoniamuru. Niliporudi ilikuwa imezimwa. Nani mwingine alikuwa hapa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kidole changu mwenyewe.

"Kwa nini hukuwasha? Swichi hii hapa! Hatua moja!"

Akanyoosha kidole, chenye maji, kuelekea ukutani. "Soma."

"Shemeji..."

"Soma, mshairi. Mstari wa mwisho."

Sikusoma. Nilikuwa naujua kwa moyo.

"Nilikupigia mara kumi na saba nikuulize," alisema. "Sikujua umezima kwa sababu gani. Labda ndiyo sanaa. Ningewasha, ungeniandikia la pili. Nikasema basi, mimi ni fundi, najua kitu kinachokufa hapa kinataka hewa. Hewa hata kikombe kinaingiza. Naye mwenye swichi yupo, atafika. Umekawia kidogo tu. Saa nne nzima."

Niliwasha. Pampu ikakohoa, ikashika. Nilitaka kumkasirikia mtu, nikageuka kulia na kushoto, sikumpata. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na shemeji hakuniambia pole. Alinipa ndoo.

Tulikuwa katikati ya kubadilisha maji, mimi nakoroga chumvi, yeye ameshika mpira, dada alipoingia na viatu vyake vyeupe vya kazini mkononi. Akaitazama sakafu, akamtazama mumewe, akanitazama mimi.

"Kumetokea nini?"

"Umeme ulikatika," alisema shemeji upesi.

Dada aliangalia feni, iliyokuwa inazunguka. Aliangalia saa ya jiko la umeme, ambayo haikuwa imerudi sifuri. Muuguzi humdanganyi kwa urahisi.

Ningeweza kunyamaza. Picha ilikuwa imekubaliwa, ushahidi ulikuwa mfukoni, tangi lilikuwa langu. Lakini kulikuwa na yule mtu mwenye fulana iliyolowa anayenisitiri, baada ya kuinua kikombe tangu asubuhi.

"Haukukatika," nilisema. "Nilizima mimi nipige picha. Nikasahau. Yeye hakuwasha kwa sababu ya shairi langu, akaingiza hewa kwa kikombe saa nne nzima. Picha imeingia kwenye kalenda, dada. Aliyepigwa picha ndiye sijui kama ataamka."

Dada aliinama akachungulia kioo, kama anavyochungulia wagonjwa wake. "Mgonjwa wa hivi haachwi peke yake," alisema. "Anaangaliwa kila saa. Na nani atamwangalia? Wewe unayekimbia na kamera?" Akaweka viatu chini. "Tangi libaki. Si kwa picha yako. Mume wangu nimeishi naye miaka sita, sijawahi kumwona akisimamia kitu saa nne nzima bila kukaa. Hata jokofu la mteja."

"Jokofu halinitazami," alisema shemeji.

Dada alikwenda kubadilisha nguo. Tukabaki wawili na mlio wa pampu. Samaki walikuwa wameanza kushuka. Bi Harusi alikuwa bado amejifunga, ila ule utelezi ulianza kumchomoka vipande vipande, unachukuliwa na mkondo. Hiyo ni dalili njema, au dalili ya kwamba hakuna kilichobaki chini yake. Ningejua baada ya siku mbili tatu.

Nilibandua shairi ukutani. Wino mwekundu ulibaki na gundi kwenye rangi ya ukuta.

"Usilichane," alisema shemeji. "Vina vyake vizuri. Tatizo ni maneno."

"Shemeji."

"Nasikiliza, mwenye swichi."

"Acha hizo. Akipona, picha inayofuata swichi utashika wewe. Nikisahau, washa bila kuniuliza. Na simu yako nitapokea, hata kama ni ya rimoti."

Alichota kikombe cha mwisho, akakimimina kwa mazoea tu, sasa pasipo haja. "Na fulana yangu? Itaonekana kwenye kioo."

"Nitakununulia nyeusi," nilisema. "Mbili. Nakuahidi."